Shajara ya mradi: SSD yenye taa katika joto la Chake Chake

Jumamosi, 11 Januari 2025

Leo nimepokea kazi ya kuunda kompyuta ya mezani kwa ajili ya studio ya video hapa Chake Chake. Ndani yake itafungwa SSD, yaani diski ya kuhifadhi data isiyo na sahani zinazozunguka, ya kasi kubwa na yenye taa za mapambo, kifaa ambacho sijapata kumfungia mteja yeyote Pemba, kwa hiyo nimeamua kuandika kila hatua pamoja na vipimo vyake, ili fundi mwingine atakayeletewa kazi kama hii asianze gizani.

Mwenye studio ni binti niliyemfundisha kompyuta miaka iliyopita, na mpaka leo ananiita Maalim. Anapiga na kuhariri video za harusi. Wapiga video wa kiume wapo wengi kisiwani, lakini usiku wa hina na shughuli za kumpamba bibi harusi ni mikusanyiko ya wanawake watupu, ambako mwanamume haingii wala kamera yake haiingii. Ndiyo maana binti huyu anaitwa kutoka Mkoani hadi Konde, na khasa katika wiki hizi za kabla ya Ramadhani, ambapo harusi hufuatana bila ya kupumua. Kompyuta yake ya sasa, yenye diski ya zamani ya sahani zinazozunguka, imelemewa kiasi kwamba akisogeza video mbele kidogo inamlazimu asubiri picha imfuate.

Amenipa masharti mawili. La kwanza ni kasi. La pili ni kwamba kompyuta itakaa nyuma ya kioo cha mbele cha studio na lazima iwake. “Maalim, watu wakitoka kuswali Isha wakipita hapa waione inawaka, wajue kuna kazi inafanyika,” aliniambia. Nimelichukua sharti hili kwa uzito uleule wa lile la kwanza. Studio haina bango wala tangazo la redio, na kile kioo cha mbele ndicho tangazo lake. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba mwanga haupatikani kwa kupoteza kasi.

Nimeanza na hesabu. Kamera zake mbili hurekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde, yaani megabaiti 12.5, na hiyo ni gigabaiti 45 kwa saa kwa kila kamera. Shughuli ya saa nne kwa kamera mbili inazaa gigabaiti 360, kabla hajaongeza picha za mnato, sauti, na faili za muda ambazo programu ya kuhariri hujitengenezea yenyewe. Diski yake ya sahani, ikiwa nzima na haina vipande vilivyotawanyika, inasoma megabaiti 150 hivi kwa sekunde pale data inapopangwa mfululizo. Ikitakiwa kurukaruka kati ya faili mbili za kamera, kichwa cha kusomea hutumia muda mwingi kutafuta kuliko kusoma. Hapo ndipo penye maradhi.

Jumatano, 15 Januari 2025

Sikukuu ya Mapinduzi imepita na maduka yamefunguliwa. Nimemaliza kuchagua.

SSD haina kitu kinachozunguka. Data hukaa katika chembe za kumbukumbu ya flashi ya aina ya NAND, ambayo mhandisi Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba waliitangaza mwaka 1987, na kusoma chembe iliyo mwanzo ni sawa na kusoma iliyo mwisho. SSD za mwanzo za kompyuta za kawaida zilitumia njia ileile ya SATA iliyotengenezwa kwa ajili ya diski za sahani, na hiyo, hata katika toleo lake la gigabiti 6 kwa sekunde, huishia kwenye megabaiti 550 hivi. Utaratibu wa NVMe, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2011, uliandikwa kwa ajili ya kumbukumbu ya aina hii, na unapita katika njia za PCIe, zilezile zinazobeba data ya kadi ya picha. Njia nne za PCIe toleo la 4.0 zinaweza kubeba karibu gigabaiti 7.9 kwa sekunde kwa nadharia.

Nimeagiza SSD ya M.2, yaani ya umbo la kipande chembamba kinachochomekwa kwenye ubao mama, ya terabaiti 2, yenye upana wa milimita 22 na urefu wa 80, ambayo kasha lake linaahidi kusoma megabaiti 7,000 kwa sekunde. Jina la kampuni sitaliandika humu, kwa kuwa nitakayoyasema kuhusu joto hayatokani na kampuni hii peke yake. Yanatokana na umbo la kifaa chenyewe.

Jambo moja la taa lisimpite fundi yeyote. SSD za taa zimekuja kwa maumbo mawili. Zile za inchi 2.5 zinazotumia SATA nyingi huwa na waya wa pembeni kwa ajili ya taa, ambao huchomekwa kwenye ubao mama. Hizi za M.2 hazina waya, kwa hiyo taa zake hunywa umeme wa volti 3.3 kutoka tundu lilelile linalolisha kumbukumbu na kidhibiti, yaani chipu inayoiendesha SSD. Kwa zile zenye waya, na kwa ukanda wowote wa taa, kuna plagi ya pini tatu ya volti 5, ambayo kila taa huamrishwa rangi yake peke yake, na kuna ya pini nne ya volti 12, ambayo taa zote hubadilika pamoja. Kuingiza taa za volti 5 kwenye umeme wa volti 12 ni kuziunguza papo hapo. Nimewaambia vijana wawili ninaofanya nao kazi wasichomeke chochote cha taa kabla hatujasoma maandishi yaliyochapwa pembeni ya tundu.

Jumapili, 19 Januari 2025

Mzigo umefika Mkoani kwa boti na nimeufuata mwenyewe, kwa kuwa sikutaka ukae juani juu ya gari la mizigo. Kila kitu kimefika salama.

SSD yenyewe ni nzuri kwa macho, na ninalisema hilo kwa moyo mmoja. Juu ya bati jembamba la alumini kuna kifuniko cha plastiki nyeupe iliyofifishwa, na taa ndogo zimepangwa kwenye kingo mbili za ubao wake, mwanga ukipenya ndani ya plastiki na kusambaa sawasawa kama maziwa. Nilipoiona nilimwelewa mteja wangu zaidi. Lakini nilipoigeuza ubavu nikaona pia kwamba plastiki ile imefunika karibu bati lote, na plastiki ni blanketi. Kidhibiti cha SSD ya daraja hili kinapofanya kazi nzito hutoa wati kadhaa za joto kutoka eneo dogo kuliko kidole gumba, na joto hilo lina njia moja tu ya kutoka, yaani kupitia bati kwenda hewani.

Katika nchi za baridi chumba kina nyuzi 20. Chumba cha studio hii, leo saa nane mchana katika kaskazi, kipimajoto changu kimeonyesha nyuzi 32, na feni ya dari inazungusha hewa ileile ya moto. Tofauti hiyo ya nyuzi 12 huingia yote ndani ya kifaa bila kupungua.

Jumatatu, 20 Januari 2025

Tumekusanya kompyuta. Ubao mama una nafasi mbili za M.2. Ya kwanza imeunganishwa moja kwa moja na kichakato na ina PCIe 4.0, ya pili inapita kwenye chipu ya ubao na ina toleo la 3.0, ambalo huishia karibu megabaiti 3,500 kwa sekunde. Ya kwanza iko baina ya kichakato na kadi ya picha, mahali panapoonekana vizuri kupitia kioo cha ubavuni, na bahati mbaya ndipo mahali penye joto kuliko pote, kwa sababu kadi ya picha inalala chini yake na joto la mgongo wake hupanda juu.

Tumeifunga katika nafasi ya kwanza kama ilivyotoka kiwandani. Taa zimewaka, na rangi inapita kutoka zambarau hadi kijani kibichi. Kijana wangu mmoja alizima taa ya chumba ili tuitazame, tukaitazama kwa muda kabla ya kurudi kazini.

Kipimo cha kwanza: kompyuta ikiwa imetulia, kasha limefungwa, taa ni nyeupe kwa mwanga kamili, SSD ina nyuzi 59. Kifaa ambacho hakijaanza kazi.

Kisha nikaiandikia gigabaiti 600 mfululizo kwa programu ya majaribio inayotengeneza data ndani ya RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, kwa kuwa sina chanzo kingine chochote kinachoweza kutoa data kwa kasi hiyo. Ilianza na megabaiti 5,000 kwa sekunde. Ilipofika gigabaiti 180 hivi, nyuzi zikiwa 82, ikaanguka hadi megabaiti 1,100, ikapoa kidogo, ikapanda, ikaanguka tena. Mchoro wake ulikuwa kama meno ya msumeno mpaka mwisho.

Alhamisi, 23 Januari 2025

Siku mbili nimezitumia kuhakikisha kwamba ninaulaumu mkosaji wa kweli, kwa sababu SSD hupungua kasi kwa sababu mbili zinazofanana kwa nje, na fundi asiyezitenganisha atanunua dawa ya ugonjwa usiokuwepo.

Sababu ya kwanza ni kujaa kwa kache, yaani sehemu ya muda ya kupokelea data kwa haraka. Chembe za SSD hii ni za aina ya TLC, na kila chembe inabeba biti tatu, yaani ngazi nane za chaji ambazo lazima zitofautishwe kwa usahihi, na kuandika kwa usahihi huo kunachukua muda. Kwa hiyo kidhibiti hutenga sehemu ya chembe zilizo wazi na kuziandika biti moja moja, ngazi mbili tu, jambo ambalo ni jepesi na la haraka. Baadaye, kifaa kikitulia, huzihamisha data hizo na kuzipanga tatu tatu. Sehemu hiyo ikijaa kabla ya mapumziko, kasi hushuka na kubaki chini. Sababu ya pili ni joto, ambapo kidhibiti hujipunguzia mwendo chenyewe ili kisiungue.

Nikaondoa kioo cha ubavuni, nikaelekeza feni ya mezani kwenye SSD, nikairudia kazi ileile ya gigabaiti 600. Safari hii ilishika megabaiti 5,000 bila kutetereka mpaka gigabaiti 440, kisha ikashuka mara moja hadi 1,700 na kubaki hapo kama maji yaliyotulia, nyuzi zikiwa 66 tu. Huko ndiko kujaa kwa kache. Mchoro wake haukuwa na meno, na haukubadilika nilipoongeza upepo. Meno ya msumeno ya juzi yalikuwa ya joto, na yalikuja mapema kabla ya kache kupata nafasi ya kujaa.

Binti alipita jioni akaniuliza kama nimefika wapi. Nilimwonyesha michoro miwili. Akauliza swali zuri kuliko nililolitarajia: “Maalim, na mimi nitaandika lini gigabaiti 180 kwa mkupuo?” Kwa kweli, hatoandika kwa kasi hiyo. Kadi za kamera zake ni za UHS-I, kiwango cha kasi ya kadi kilicho chini ya UHS-II, na kisomeo chake kinatoa megabaiti 90 kwa sekunde, kwa hiyo kuzipakua gigabaiti 360 kutachukua zaidi ya saa moja hata kama SSD ingekuwa na kasi ya umeme wa radi. Hilo nimemwambia waziwazi, ili asije akadhani amenunua upakuaji wa haraka. Faida yake iko katika kuhariri, pale kamera mbili, sauti, na faili za muda zinaposomwa pamoja, na katika kutoa video iliyokamilika huku kadi ya picha ikichemka kwa dakika arubaini chini ya SSD. Na hiyo kadi ya picha ndiyo iliyonifanya nisiridhike, kwa kuwa katika majaribio yangu ya awali ilikuwa imelala bila kazi.

Jumamosi, 25 Januari 2025

Leo nimeipa kadi ya picha kazi ya kutoa video ya 4K kwa nusu saa bila kuigusa SSD kwa chochote kizito. SSD imefika nyuzi 74 kwa joto la kuazima tu.

Nimepima pia taa peke yake. Zikizimwa kwa dakika ishirini, kompyuta ikiwa imetulia, nyuzi zimeshuka kutoka 59 hadi 53. Zikiwashwa buluu peke yake kwa moja ya tano ya mwanga, nyuzi ni 54. Taa nyeupe ndiyo ghali, kwa sababu nyeupe katika taa hizi ni nyekundu, kijani na buluu zikiwaka zote tatu kwa pamoja. Nyuzi sita zinaweza kuonekana kidogo kwa msomaji, lakini kifaa kinachojipunguza kwenye nyuzi 82 na kinachoanzia 59 kina nafasi ya nyuzi 23 tu za kufanyia kazi, na taa zimekula robo ya nafasi hiyo kabla kazi haijaanza.

Nilifikiria kuihamishia nafasi ya pili. Megabaiti 3,500 zinamtosha kwa kuhariri, na sina shaka asingeiona tofauti. Ila nafasi ile iko chini ya kadi ya picha, haionekani, na feni za kadi huvuta hewa kutoka hapo hapo. Ingekuwa ni kumlipisha taa zisizoonekana. Nimeikataa njia hiyo.

Jumanne, 28 Januari 2025

Njia niliyoichukua ni kukitoa kifuniko cha plastiki na bati lake jembamba, na kuweka mahali pake kipoza joto cha alumini chenye mapezi ya urefu wa milimita 12, chembamba kuliko ubao wa SSD ili kingo zenye taa zibaki wazi. Nilimwandikia muuzaji kabla, naye akajibu kwamba kukifungua kifuniko kunaondoa dhamana ya miaka mitano. Nilimpigia binti nikamsomea jibu lilivyo. Mali ni yake, na nisingeweza kumwamulia. Alifikiri usiku mzima, asubuhi akaniambia nifungue, akaandika hivyo kwa mkono wake kwenye daftari la kazi.

Plastiki ilikuwa imegandishwa kwa gundi. Niliipasha moto kwa kikausha nywele kwa dakika mbili, nikapitisha uzi wa kushonea viatu kati yake na chipu, nikivuta taratibu kwa usawa, kwa sababu anayebandua kwa bisibisi hung'oa chipu pamoja na gundi. Kisha nikabandika kipande kipya laini cha kupitisha joto. Kijana wangu alikibandika cha kwanza bila kuondoa karatasi ya plastiki iliyo juu yake, na ninaliandika hapa kwa sababu kosa hilo nimelikuta ndani ya kompyuta nyingi zilizoletwa kwangu: karatasi ile haionekani, na joto halipiti. Mbele ya kasha tumeongeza feni ya milimita 120, usawa wa SSD, yenye chujio la vumbi.

Vipimo vipya, chumba kikiwa na nyuzi 32 zilezile na kadi ya picha ikifanya kazi: ikitulia 47, na mwisho wa gigabaiti 600 nyuzi 68. Meno ya msumeno yametoweka. Inapungua kwenye gigabaiti 440 kwa kache, kama inavyostahiki.

Binti alipokuja kuiona akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Maalim, imekuwa kama kandili ilopunguzwa utambi.” Alikuwa na haki. Bila kifuniko, mwanga hutoka pembeni kama mistari miwili myembamba ya buluu juu ya ubao mweusi. Mimi naupenda, lakini kutoka ng'ambo ya barabara hauonekani. Kwa hiyo tumeongeza ukanda wa taa za volti 5 kwenye ukingo wa juu wa kasha, mbali na SSD, unaolishwa na tundu la pini tatu la ubao mama. Taa zikiwa pale joto lake linatoka juu na kwenda zake, halimwazimi mtu. Nimevuka barabara baada ya Magharibi kuhakikisha. Inaonekana vizuri kutoka upande wa pili.

Jumamosi, 1 Februari 2025

Umeme umekatika saa mbili usiku tukiwa katikati ya kunakili. Tangu mwaka 2010 Pemba inapata umeme kwa kebo inayopita chini ya bahari kutoka Tanga, badala ya majenereta ya dizeli ya Wesha, na hali ni bora mno kuliko tulivyokuwa. Hata hivyo, kukatika kwa muda mfupi na volti kupanda na kushuka ni mambo ambayo fundi lazima ayahesabu. SSD za seva huwa na kapasita zinazozipa muda wa kumalizia kuandika umeme unapotoweka. Hizi za mezani, zenye taa na zisizo na taa, kwa kawaida hazina, na data iliyokuwa bado katika RAM ya kidhibiti hupotea. Nilikuwa nimefunga UPS, yaani betri ya dharura, ya VA 1000 yenye kurekebisha volti, na imeshika dakika tisa, muda uliotosha kumaliza na kuzima kwa utaratibu. Nimeiweka sakafuni, mbali na kasha, kwa kuwa betri ya risasi huzeeka upesi sana kwenye joto.

Nimeziba pia matundu ya nyuma ya kasha kwa wavu. Mjusi akiingia ndani ya pawasaplai akagusa pale pasipofaa, hufa yeye na mashine. Nimeshawatoa watatu katika kazi yangu.

Jumatano, 5 Februari 2025

Leo tumeshughulikia jambo ambalo kwangu ni zito kuliko taa na kasi. Video za studio hii zinaonyesha wanawake wakiwa katika stara yao wenyewe, bila mitandio, wakicheza miongoni mwa wenzao. Wamemruhusu binti huyu kuwapiga kwa sababu wanamwamini. Faili moja ikitoka, imani hiyo haitarudi, na watakaoumia ni wengi.

Kwa diski ya sahani, kuandika sifuri juu ya kila kitu kunatosha kufuta. Ile ya zamani tumeiandika sifuri mbele ya macho yake mwenyewe, kazi iliyochukua zaidi ya saa nne. SSD ni tofauti. Kidhibiti chake hutawanya maandishi ili chembe zote zichakae kwa usawa, kwa hiyo ukiandika juu ya faili, maandishi mapya huenda mahali pengine na ya zamani yanaweza kubaki katika chembe ambazo kompyuta haizioni tena. Dawa ni kuisimba data yote tangu siku ya kwanza, kabla ya faili la kwanza kuingia, ili kitakachobaki kisisomeke bila ufunguo. SSD nyingi zinajigamba kujisimba zenyewe, lakini mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud huko Uholanzi walionyesha kwamba baadhi ya zilizojisimba zilifunguka bila neno la siri, na mwaka uliofuata Microsoft ikaifanya BitLocker, programu ya Windows ya kusimba diski, itumie usimbaji wa programu kama chaguo la kawaida. Tumetumia huo wa programu. Kasi ya kuandika imepungua kidogo katika kipimo, na katika kuhariri haikuhisika. Ufunguo wa dharura ameuandika kwenye karatasi na kumpa mama yake auweke sandukuni; mimi sina nakala, na sitaki kuwa nayo.

Pia nimemkataza kuifanya SSD hii ghala. Kiwango cha JEDEC, shirika linaloweka viwango vya vifaa vya elektroniki, kwa SSD za matumizi ya kawaida kinataka kwamba kifaa kilichomaliza kiwango chake cha kuandikwa kihifadhi data bila umeme kwa mwaka mmoja kwenye nyuzi 30, na joto likizidi, muda huo hupungua. Kifaa kipya hudumu zaidi ya hapo, lakini video ya harusi inatakiwa idumu mpaka watoto wa maharusi waione. Kazi iliyokamilika inahamishiwa kwenye diski mbili za sahani, nazo zimesimbwa, moja studio na moja nyumbani kwao Wete.

Jumamosi, 8 Februari 2025

Harusi ya kwanza imehaririwa. Kamera mbili zinakwenda sambamba bila kukwama. Kupakua kulichukua dakika sabini, kama nilivyomtahadharisha, na ameshaweka akiba ya kununua kadi na kisomeo cha UHS-II.

Nimemwandikia programu ndogo inayosoma joto la SSD kila baada ya sekunde kumi na kuubadilisha rangi ukanda wa juu kupitia programu huria ya OpenRGB: buluu ikiwa chini ya nyuzi 60, manjano hadi 72, nyekundu ikizidi hapo. Hahitaji kufungua dirisha lolote la tarakimu. Jioni aliniita kwa simu, “Maalim, imekuwa manjano.” Nilipokwenda nikakuta khanga imeanikwa juu ya kasha, imefunika tundu la feni. Tulipoiondoa, baada ya dakika nne buluu ikarudi.

Jumatatu, 17 Februari 2025

Nimekabidhi rasmi. Harusi tatu zimepita ndani ya mashine. Rekodi ya SSD yenyewe inaonyesha imeandikwa terabaiti 7.1 tangu ilipowashwa, na sehemu kubwa ni majaribio yangu. Kiwango chake cha kuandikwa ni terabaiti 1,200. Akiandika terabaiti mbili kila wiki, msimu na usio msimu, hiyo ni zaidi ya miaka kumi na moja, kwa hiyo maneno yanayosemwa madukani kwamba SSD hufa haraka kwa kuandikwa hayamhusu. Joto la juu kabisa lililorekodiwa tangu tarehe 28 Januari ni nyuzi 72, siku ya khanga.

Chujio la feni limeshashika vumbi jekundu kwa wiki tatu tu. Nimemwonyesha namna ya kulichomoa na kulisafisha kwa brashi kavu kila Ijumaa asubuhi kabla hajawasha mashine. Kifuniko cheupe cha kiwandani, bati lake na skrubu zake mbili nimevitia ndani ya mfuko, nikaubandika karatasi yenye tarehe, na ameuweka ndani ya droo ya meza. Nitarudi baada ya Idi kupima tena, masika yatakapokuwa yameingia, nione unyevu umefanya nini kwenye mapezi ya alumini.